Antena unayonunua ni nusu tu, nusu nyingine ni lori lako

Wiki mbili zilizopita kaja dereva mmoja na lori la Freightliner pale ninapofanyia kazi, njia ya kwenda bandarini hapa Mtwara, kashuka na antena ya redio ya CB mkononi, ndefu kama fimbo ya kuangulia maembe, mpya bado iko kwenye nailoni, akaniambia fundi hii ya tatu hii, zile mbili za mwanzo zote mbovu. Nikamuuliza umejuaje kama ni mbovu, akasema wenzangu nawasikia tena vizuri tu, ila mi nikiongea wananiambia nasikika kama nyuki kaingia kwenye kopo, na anayeniambia ivo yuko mbele yangu hata kilomita 3 hazifiki. Nikamwambia iweke chini hiyo usiifungue, ukishachana nailoni dukani hawarudishi.

Antena yake ya zamani ikaja kuongea siku ileile, bila kununua antena nyingine, ni msasa, washa na kipande cha mkanda wa shaba tu. Nitamrudia, ila kwanza wacha nieleze jambo lenyewe, antena gani ya CB inafaa lori na inafungwaje, maana naulizwa kila siku na jibu la "nunua ndefu" sio jibu.

CB kwa asiyejua ni zile redio za kuongeleana ambazo Marekani waliwaruhusu raia wa kawaida kutumia kwenye masafa ya megahezi 27 toka mwaka 1958, mwanzo chaneli 23, kuanzia 1977 zikawa 40, na waliozipa umaarufu hasa ni madereva wa malori kule, ule mgogoro wa mafuta wa 1973 ulipowabana wakawa wanaelekezana kituo gani kina dizeli na trafiki kajibanza wapi. Chaneli 19 ndo kijiwe cha madereva, 9 ni ya dharura. Nguvu ya kurusha ni wati 4 tu kwa ile ya kawaida ya AM, wati 4, kumbuka hiyo namba, taa ya breki inakula zaidi ya hapo. Huku kwetu wengi wenye redio kwenye gari wana zile redio koli za VHF, yaani masafa ya juu zaidi, CB mimi nakutana nazo zaidi kwenye vichwa vya malori vilivyoletwa vimeshatumika toka Marekani, vinakuja na breketi zake na wakati mwingine redio yenyewe bado inaning'inia juu ya dereva, alafu mwenye gari anaona kumbe kitu chenyewe kinafaa. Ukitembea msafara wa makaa ya mawe toka Ruvuma, au msimu wa korosho malori yako kila kona toka Newala na Tandahimba na Masasi, unajikuta kuna vipande simu haikamati kabisa. Na waliokuwa njiani Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na maji yakaikata barabara kule Somanga, wanajua maana ya kukaa kwenye foleni hujui mbele kukoje.

Kuhusu kibali, masafa yote nchini yako chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, redio ya kurusha sio kama redio ya kusikilizia taarabu, kaulize kwanza kabla hujatoa hela. Na ukivuka Daraja la Umoja pale Mtambaswala ujue uko Msumbiji, wana mamlaka yao. Mi ni fundi umeme wa magari, hapo naishia.

Haya, urefu. Wimbi la megahezi 27 ni refu, wimbi moja lina mita 11 hivi. Antena inayofanya kazi vizuri bila hila yoyote inatakiwa iwe robo ya wimbi, yaani karibu mita 2.7. Linganisha na zile redio koli za VHF, robo ya wimbi lao ni kama nusu mita tu, ndo maana kile kiantena kifupi cha redio koli ukikichomeka kwenye CB eti kwa sababu kichwa cha waya kimeingia, hakuna kitakachotoka, nguvu yote inarudi ndani na redio inajipika yenyewe.

Sa mita 2.7 uiweke juu ya kichwa ambacho chenyewe kimeshakwenda juu karibu mita 4, utachapa kila mwembe toka Mikindani mpaka Mingoyo, na nyaya za umeme Mungu apishe mbali. Kwa iyo wanaofanya antena za malori wanafupisha, waya unazungushwa kuwa koili, ama kwenye fimbo ya faiba kuanzia chini mpaka juu, ama kwenye kile kidude kinene kama chupa katikati ya fimbo ya chuma, ili umeme uone kama antena ni ndefu. Haiji bure. Kadiri unavyofupisha ndivyo nguvu inavyopotelea kwenye koili kama joto, na antena inakuwa na ubaguzi, inazipenda chaneli chache za katikati na zile za pembeni inazikataa. Za futi 4 ndo nyingi kwenye malori, na kwa njia zetu nadhani ni kipimo cha haki. Ile ya futi moja na kidogo inayopendwa sababu ni nzuri kwa macho, hiyo ni pambo, sawa na kufunga kitambaa kwenye bampa.

Kitu ambacho watu hawakiangalii wakiwa dukani ni koili iko wapi. Kwenye semi antena nyingi zinafungwa kwenye breketi ya saidi mira, chini ya paa. Kama koili iko chini kabisa kwenye shina la antena, basi sehemu inayofanya kazi kubwa iko ubavuni mwa kibini, yaani chumba cha dereva, imezibwa na bati. Chukua yenye koili katikati au juu, ukiifunga hakikisha ile koili inaliona paa kwa juu. Unapofunga nyuma ya kibini nako angalia umebeba nini, ukiwa na kontena nyuma antena fupi inajificha kwenye kivuli chake, wa mbele yako wanakupata, aliye nyuma hakupati.

Sasa tuje kwenye nusu ya pili. Wanaokaa ufukweni wataelewa haraka. Ukiwa unasukuma mtumbwi kwa upondo, lazima upondo ukute chini. Ukifika kwenye kina upondo haugusi kitu, hata ukiwa na mikono ya Mmakonde mchonga vinyago unakoroga maji tu. Antena ya robo wimbi ni hivyohivyo, inasukuma umeme kwenda juu na inahitaji kitu cha kujikita chini yake, na hicho kitu ni chuma cha lori, paa, milango, chasisi, vyote kwa pamoja. Yaani ule mkanda wa nje wa kebo ya antena lazima uwe umekutana na bodi pale pale kwenye shina la antena. Isipokutana, hiyo nusu ya pili haipo, na redio inatafuta chini popote inapopata, mara nyingi inautumia waya wenyewe wa antena mpaka ukishika maiki sauti inabadilika.

Na hapo ndo malori yanatofautiana. Scania na Volvo hizi za pua bapa, kibini ni bati la chuma, zuri sana, ila mikono ya saidi mira nje ni plastiki na unavyoifunga breketi unadhani umegusa chuma kumbe umebana plastiki. Freightliner na Kenworth kibini ni alumini, alumini inafaa tu kwa hii kazi, shida yake ni mbili, antena ya sumaku haishiki (nimeona mtu anailazimisha, kashindwa, katafuta gundi), na bodi lake lina vipande vingi vya faiba, boneti, vile vya kuzuia upepo juu ya sehemu ya kulala, faiba haipitishi umeme hata kidogo. Ukifunga antena kwenye faiba bila kuipelekea waya wa athi, yaani wa kuiunganisha na chuma cha lori, umefunga bendera.

Turudi kwa yule jamaa. Breketi yake ilikuwa nzuri, ya chuma cha pua, imebana mkono wa saidi mira, bolti mbili zimekaza kisawasawa. Nikaweka testa, mguu mmoja kwenye breketi mwingine kwenye hasi ya betri. Kimya. Haipigi kelele. Nikafungua bolti, chini yake rangi nyeusi nzito ya kiwandani, inang'aa kama ya jana, breketi imekaa juu ya rangi, bolti zimepita kwenye rangi, na mkono wenyewe umeunganishwa na mlango kupitia mpira na bawaba zilizojaa grisi na vumbi la makaa. Nikakwangua kwa msasa mpaka alumini ikawa nyeupe, eneo la sarafu tu, nikaweka washa za meno zile zinazong'ata, alafu nikachukua kipande cha ule mkanda wa shaba wa kusukwa kama wa athi ya injini, nikautoa kwenye breketi mpaka kwenye fremu ya kibini kwa kuvuka bawaba ya mlango, nikaacha ulegevu kidogo mlango ufunguke. Testa ikalia. Yeye mwenyewe kasimama pale anaangalia ule mviringo wa msasa anasema ndo hicho tu? Ndo hicho tu, na antena mbili umeshaziita mbovu.

Unapopima ivo upime na kingine, ile nati ya juu inayoshika antena na breketi, pale kwenye antena za faiba za kawaida zisigusane. Kuna washa nyeupe ya plastiki imekaa kama kofia, kazi yake ni kutenganisha umeme wa katikati na bodi, ukiigeuza au ukaipoteza ukaweka washa ya bati umepiga shoti. Kuna antena chache zenye koili chini ambazo kwa testa zinaonyesha shoti na ni nzima, soma karatasi yake kwanza kabla ya kuitukana.

Zipo pia antena ambazo hazihitaji bodi, zimetengenezwa kwa boti na magari ya faiba, zinakuja na kebo yake maalum. Ukizikuta usizichanganye na kebo ya kawaida. Kwa semi huzihitaji.

Kebo. Inayotakiwa ni ya omu 50 (omu ni kipimo cha jinsi umeme unavyozuiwa), zile RG-58 au RG-8X. Ile ya king'amuzi na dishi ni omu 75, haitalipua redio, ila sio mahali pake. Hapa nikutoe kwenye uzushi mmoja, utasikia lazima kebo iwe futi 18 kamili, na watu wenye lori la kibini kidogo wanaikunja inayobaki kama kamba ya mbuzi nyuma ya siti. Hiyo futi 18 ina asili yake. Ukifunga antena mbili, kulia na kushoto, kuna kebo ya mapacha inayogawanyika, na hiyo kwa makusudi ni ya omu 75, kila mguu futi 18 ambazo kwa mwendo wa umeme ndani ya ile kebo ni robo tatu ya wimbi. Urefu huo unageuza omu 50 za kila antena kuwa kama 112, mbili zikikutana nyuma ya redio zinakuwa 56, karibu kabisa na 50 inayotakiwa. Ni hesabu nzuri sana ya watu walioumiza kichwa. Kwa iyo kwenye mapacha usikate, kwa antena moja yenye kebo ya omu 50 tumia urefu unaofika, basi. Na usichukue mguu mmoja wa mapacha ukafungia antena moja, nimeshaletewa hiyo zaidi ya mara moja.

Je mbili ni bora kuliko moja? Inategemea, na mimi nina upande wangu. Ili mbili zisaidiane inatakiwa zipishane karibu robo ya wimbi, ile mita 2.7, na lori kwenye saidi mira linafika mita 2.5 na ushee, kwa iyo faida ipo kidogo, nguvu inajikusanya zaidi mbele na nyuma ambako ndo barabara ilipo. Lakini moja ikilegea au ikivunjwa na tawi, zote mbili zinaharibika kwa pamoja, unakuwa na vitu viwili vya kuharibika badala ya kimoja. Mimi nafunga moja, upande wa dereva au juu ya paa pembeni, naifunga vizuri. Wanaotaka mbili mara nyingi wanataka mwonekano, na hilo nalo nawafungia, hela ni hela.

Umeme wenyewe sasa, na hapa niseme kosa langu. Malori ya Ulaya na ya Kichina, Scania, DAF, Howo, ni volti 24, betri mbili za 12 zimefuatana. CB ni ya volti 12. Freightliner za Marekani zenyewe ni 12 kwa iyo hamna shida. Miaka ya nyuma nikiwa bado naona najua, nikaletewa Scania, nikasema kwani shida nini, betri ziko mbili kila moja 12, nachukua moja. Nikachukua ile ya juu, chanya ya redio kwenye chanya ya 24, hasi ya redio pale katikati betri mbili zinapokutana. Nikapima, 12 na kitu, safi. Redio ikawaka. Nikachomeka kebo ya antena nyuma yake na kabla sijakaza vizuri ile kofia, cheche, alafu harufu, kebo nzima ikalainika kama tambi toka nyuma ya redio mpaka mlangoni. Fyuzi haikukatika, na ndo iliyonifanya nikae chini nifikirie. Bodi la redio limeshikana na hasi yake, na mkanda wa nje wa kebo umeshikana na bodi la redio, na huko mwisho umeshikana na bodi la lori. Hasi yangu mimi ilikuwa iko volti 12 juu ya bodi la lori. Kwa iyo nilichomeka betri ya chini shoti kupitia kebo ya antena, na fyuzi iko kwenye waya mwekundu ambao haukuhusika kabisa. Mwenye gari alikuwa mstaarabu, kebo nilinunua mimi.

Ukichukua betri ya chini redio itafanya kazi, ila hiyo betri moja itakuwa inachoka peke yake wakati mwenzake anajazwa kupita kiasi, baada ya miezi unanunua betri. Weka konveta ya kushusha 24 kuwa 12, redio ya wati 4 inakula kama ampea 2 hivi ikiwa inarusha, konveta ya ampea 5 inatosha sana. Angalizo, zile za bei chee zina kelele, redio inakuwa na mvumo muda wote hata lori limezimwa injini. Zima konveta, kama mvumo unaondoka umeshampata mwizi. Taa za LED za kuongeza nazo zinafanya ivo. Waya utoke kwenye betri moja kwa moja na fyuzi iwe karibu na betri, sio kwenye kiberiti cha sigara.

Mwisho ndo kupima SWR, na usirushe kabla ya hapa. SWR ni kipimo cha nguvu ngapi inarudi badala ya kutoka. Ikiwa 1.5 inarudi kama asilimia 4, hujali. Ikifika 2 ni 11, inavumilika. Ikifika 3 ni robo nzima inarudi kwenye redio, acha kuongea. Mita inakaa kati ya redio na kebo kwa kipande kifupi cha waya, lori liwe nje peupe, sio chini ya bati la gereji wala ubavuni mwa kontena, milango imefungwa na tingo ashuke, asining'inie pale. Pima chaneli ya 1, ya 20 na ya 40. Chaneli ya 1 ikiwa kubwa kuliko ya 40, antena ni fupi, irefushe. Ya 40 ikiwa kubwa, antena ni ndefu, ipunguze. Nyingi zina skrubu juu ya ncha, unazungusha milimita chache, unapima tena, ni kazi ya subira. Lakini zote tatu zikiwa juu ya 3, weka plaizi chini. Hapo urefu hauhusiki, ni athi au shoti au konekta, na ukianza kukata antena utaimaliza yote na mita bado inasoma 3.

Yule wa Freightliner baada ya msasa chaneli ya 1 ilisoma 1.8, ya 20 1.3, ya 40 1.4, nikairefusha kidogo zikakaa sawa. Bado nilipaka grisi kwenye kila bolti na kufunga tepu ya mpira kwenye konekta mpaka pumzi ikate, maana huu upepo wetu wa baharini una chumvi, na chuma kikikaa juu ya alumini na chumvi katikati vinakulana, unga mweupe unatokea na athi inapotea tena. Kila masika arudi nimfungue nimwangalie.

Tukajaribu. Yeye kaondoka na lori kuelekea Naliendele, mi nimebaki na redio ya mezani na antena yangu juu ya mlingoti. Kilomita 5, safi. Akaendelea. Kule karibu na Naliendele kama kilomita 10 hivi sauti yake ikaja na mchanga kidogo ila kila neno linasikika, akaniuliza fundi unanipata, nikamwambia nakupata, akasema basi ile hela yako iliyobaki tutaongea nikirudi toka Masasi, na ghafla akawa hasikiki tena.